Zinki Aliyoipaka Baba

Enzi zetu pale Majengo, Idi ilitangulizwa na harufu ya rangi. Baba alikuwa fundi rangi, na wiki ya mwisho ya mfungo hakikupona kitu uani kwetu: mlango, vitanda, vigoda vya jikoni, hata ndoo. Tulicheza rede na madoa ya buluu kwenye magauni, huku Mama akiloweka mchele wa vitumbua.

Mama alikuwa na boti ya kununulia samaki bwawani Nyumba ya Mungu. Kila Idi injini yake ililetwa nyumbani, nayo ikapakwa. Kwenye mguu wake, ule unaozama majini na kubeba panga linalosukuma boti, palifungwa kipande cha zinki. Aliyemuuzia alimweleza kuwa maji hula chuma. Zinki imewekwa iliwe yenyewe ili mguu upone, na ikiisha hufungwa nyingine. Mwaka hadi mwaka Mama aliikuta nzima, akafurahia bahati yake.

Kumbe ulioliwa ni mguu. Ulipojaa vishimo, fundi wa injini akashauri iuzwe kama chuma chakavu. Bila injini hakuna samaki, na bila samaki tungebaki na vibarua vya Baba, vilivyokuja msimu wa Idi tu.

Mama akaikwangua ile zinki kwa kisu. Buluu.

“Baba Zuhura, na hii uliipaka?”

“Mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka,” Baba akajibu kwa fahari. “Rangi yangu maji hayapiti.”

Kweli hayakupita. Yalikosa zinki, yakala mguu pale mchanga ulipochubua rangi.

Mama hakugomba, ila alikataa kuiuza injini. Fundi aliziba vishimo, na Mama mwenyewe akafunga zinki mpya, tupu, Baba akiwa ameamriwa akae mbali. Bwawani walimcheka, eti injini ile haifiki Idi nyingine. Ilifika. Zinki ilitoka imetafunwa kama gunzi, lakini mguu ulikuwa mzima. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaacha kukuna nazi, nami nikaruka mpaka ndara ikakatika. Sijawahi kujivunia mtu namna ile.

“Hii sasa paka,” akamwambia Baba, akimkabidhi ile iliyoliwa.

Vijana wetu leo hubadilisha simu kabla hawajaijua vizuri. Injini ya Mama bado inanguruma, na zinki nabadilisha mimi. Majengo siku hizi Idi hainukii rangi tena, isipokuwa kwetu. Juzi nilimpelekea Baba zinki iliyokwisha. Amezeeka, lakini alipaka mikono mitatu, akaitundika ukutani karibu na zile nyingine.