Msalaba Juu ya Baiskeli

Nawaambia ninyi kwa sababu hamtanicheka mbele yangu, mtangoja kwanza niondoke. Hapa Bunia, katika kartie yetu, mtaa huu huu, bado wako watu wanaoniona napita wakaziba mdomo kwa mkono, nami sina haki ya kukasirika, maana nilichofanya nilikifanya mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, mbele ya katekista, na mbele ya wazungu waliopanda baiskeli.

Mama yetu alikufa wakati wa kukimbia vita. Si kwa risasi, ni moyo tu, tulikuwa tunapanda mlima kuja mjini, akaketi kupumzika na hakuinuka tena. Wengine walikuwa wametangulia. Nilimzika pale pale, mimi na jirani yetu Pasikali, kwa jembe moja, haraka, bila msalaba wala wimbo. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili tu tuliojua mahali alipolala.

Kisha ikaja amani hii, hii ambayo mtu analala nayo amevaa viatu, na watu wakaanza kupanda milimani tena. Wanawake walikwenda mashambani, vijana walikwenda kuchoma makala, yale makaa ya kupikia, na siku za Jumamosi hata wageni wa mashirika walikuwa wanapita na baiskeli zao za matairi manene, wanapanda na kushuka kwa kujifurahisha (sikuwahi kuelewa, mtu apande mlima bila mzigo na bila kufukuzwa).

Tukasema, sasa tumalize kilio cha mama. Kwetu kilio hakiishi mpaka ukoo usimame kaburini, msalaba uwekwe, na yule aliyevaa nyeusi aivue pale na kuvaa kitenge kipya. Kwetu aliyevaa nyeusi ni mama mdogo Skolastika, kwa ajili yetu sote. Alivaa nyeusi sokoni na kanisani. Harusini hakwenda kabisa.

Siku hizo Pasikali alikuwa Kasenyi, kule ziwani, kununua samaki, akatuma neno tumngoje, atarudi Jumapili.

“Tumungoje tu,” shemeji yangu Dido akasema. “Mama hana haraka.”

Mimi, ninayejulikana kwa kunyamaza, siku hiyo nikafungua kinywa: “Nimemuchimbia mama yangu kwa mikono yangu, halafu nipotee njia yake? Twende Jumamosi.”

Hapo ndipo yote yalipoanza. Ukweli ni kwamba katika ukoo wetu wengine wamesoma, wengine wana duka, na mimi kitu changu peke yangu kilikuwa lile kaburi, sikutaka kugawana na Pasikali.

Jumamosi tukapanda. Msalaba wa simenti nilikuwa nimeufunga juu ya baiskeli, naisukuma mbele, watu nyuma yangu kwa mstari wakiimba. Njia ya zamani ilikuwa imemezwa na majani, baiskeli ikakwama, na kando yake palikuwa na njia nyingine, safi, iliyolainishwa na matairi ya wageni. Nikasimama, na wote wakasimama. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, “Ni hii.”

Kila ilipogawanyika nilichagua bila kusita, maana nikisita nitajulikana. Nilikuwa natafuta mikaratusi tuliyomzika chini yake, lakini mikaratusi yote ilikwisha kukatwa kwa makala. Mwishowe, karibu na visiki, nikaona tuta refu lililozungushiwa mawe.

“Ni hapa.”

Dido akalitazama. “Mama alikuwa mukubwa hivi?”

“Udongo unavimba na mvua,” nikamjibu (mimi mlimaji, ninayejua kwamba udongo wa kaburi unadidimia).

Mama mdogo akaanguka juu ya tuta, akamlilia dada yake mkubwa. “Yaya wangu! Tulikuacha peke yako mu mulima! Weye ulinibeba mugongoni, siye hatukukubeba!” Nani angesimama akauliza swali tena? Katekista akaomba, tukachimba, tukausimamisha msalaba, tukamwaga simenti. Mama mdogo akavua nyeusi, akajifunga kitenge cha manjano, vigelegele vikapigwa. Wakati huo huo baiskeli za wageni zikateremka, wakatuona, wakashuka, wakavua kofia zao za plastiki na kuinamisha vichwa. Mama mmoja mzungu alikuwa anafuta machozi. Nami, niseme kweli, nilijivuna.

Ndipo akaja mchungaji mmoja na fimbo yake. Akasimama kwa heshima, akangoja wimbo uishe, akamsogelea Dido.

“Poleni sana, bandugu. Lakini munalia nani?”

“Mama yetu.”

“Hapa?” Akatutazama mmoja mmoja. “Hapa iko ngombe yangu. Munganga wa mifugo alitukataza kumukula, juu ya ugonjwa. Tulimufukia na mapembe yake.”

Kijana aliyekuwa na wageni akawatafsiria polepole, na mmoja wao akageuka akajifanya anakohoa. Dido ndiye aliyecheka kwanza, akajizuia akashindwa, kisha karibu wote, hata katekista alikuwa anatetemeka mabega. Mama mdogo hakucheka.

“Yustini,” akaniita. “Yaya wangu iko wapi?”

Nikaonyesha upande mmoja. Nikaonyesha upande mwingine. Kisha mkono ukashuka wenyewe.

Akaiokota nguo nyeusi majanini, akaikung'uta, akaifunga juu ya kitenge kipya.

Tuliung'oa msalaba katika simenti mbichi, nikaurudisha kwa baiskeli, nikipita katikati ya soko. “Ee papa,” muuza nyanya mmoja akaniita, “maiti amekataa musalaba?”

Pasikali alirudi Jumapili, kama alivyosema, akaja moja kwa moja kwangu. “Twende kesho nikuonyeshe.” Kesho! Watu walikuwa bado wanacheka, nikashindwa kupita tena sokoni na msalaba ule. Nikamwambia Jumamosi. Kabla ya Jumamosi milio ya bunduki ikaanza tena milimani, naye Pasikali akavuka ziwa na watoto wake kwenda Uganda. Nimeuliza kila anayetoka huko. Hakuna anayejua yuko kambi gani.

Sasa kumetulia tena, na mama mdogo bado anavaa nyeusi. Hanitukani. Afadhali angenitukana. Nami nimeapa sitasema tena “ninajua” kwa kitu ninachoweza kuuliza, lakini wa kuulizwa ameondoka. Jumamosi ninapanda peke yangu kutafuta. Wageni wananipita kwa kasi, wanapunga mkono. Mimi baiskeli siipandi kule juu, naisukuma, natazama chini kila ninapoweka mguu, maana sijui ni wapi ninamkanyaga.