Tone Lililofunguka Katikati

Siku ya kwanza nilipoingia maabara ya hospitali yetu hapa Kindu, abakosi mpya, ile suti isiyo na tai, ikinibana shingo, Mkuu wa Maabara hakuniuliza nilisoma wapi. Aliweka tone la maji juu ya kioo, akaligusa kwa rangi ya kupakia damu, ile iliyoyeyushwa katika spiriti. Nikanyoosha mkono nikoroge.

"Acha, citoyen!" Ndivyo tulivyoitana miaka ile ya Zaïre. "Angalia tu."

Rangi ikakimbia yenyewe, ikazunguka, ikachanganyika bila mtu kuigusa. Akanieleza kwamba uso wa maji umekazwa kama ngozi ya ngoma. Spiriti huulegeza, sabuni huulegeza zaidi. Upande uliokaza huuvuta uliolegea, na maji ya chini hufuata.

"Kama kioo iko na sabuni, damu itakimbia pembeni. Utaona katikati iko wazi. Ile usisome. Muchome muntu tena, uchukue damu ingine."

Hilo lilikuwa jambo kubwa kwetu, maana vioo vilikuwa haba. Tuliviosha kwa sabuni, tukavisuuza mara tatu, tukavitumia tena.

Baadaye Mkuu alitumwa Pangi kwa majuma mawili, nikabaki peke yangu na kiburi changu. Siku moja bomba lilikauka, nikasuuza mara moja tu. Akaja Mama Zaina, muuza mawese wa mtaa wa Kasuku, akitetemeka kwa homa. Damu yake ilipogusa kioo, tone lilitawanyika, katikati pakabaki peupe. Nilipolipaka rangi, nusu yake ikaoshwa ikaenda. Niliona, na nilijua maana yake. Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni, na kumchoma tena kulikuwa kukiri mbele yao kwamba kazi yangu ni mbovu. Nikasoma kilichobaki kwa hadubini.

"Haiko malaria, Mama."

"Kweli, mwanangu? Basi nirudie nyumbani?"

"Rudia tu."

Siku ya nne mumewe, Ramazani, alimleta juu ya baiskeli, hana fahamu. Mama alikufa mchana uleule.

Mkuu aliporudi alipitia vioo tulivyoviweka, kama ilivyokuwa desturi yake. Akakiinua kile cha Mama Zaina dirishani.

"Nani alisoma hii?"

"Njo mimi, Chef."

Alikirudisha polepole sandukuni. Hakuandika ripoti. Laiti angeandika, labda leo ningekuwa nimeshaadhibiwa nikapumzika.

Nilifanya kazi Obokote, kisha Pangi, nikarudi Kindu. Kila mahali nilisuuza vioo mara tano, wenzangu wakinicheka kwamba nina wazimu wa maji. Niwalaumuje? Sikuwaambia sababu.

Sasa nimestaafu. Kila Ijumaa tukitoka msikitini, Mzee Ramazani hunishika mkono mbele ya watu.

"Huyu njo dokta alipima bibi yangu. Alituambia ukweli, haikuwa malaria. Ilikuwa siku yake tu."

Nami, mwoga yuleyule, huitikia: "Ilikuwa siku yake, Mzee."