Kiti cha Mtu Mmoja

Fundi wa viti alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili ya kushona viti vya magari na pikipiki, na katika muda wote huo hakuna mteja aliyemchefua kama shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alimbandika jina la Rubani. Jina lilitokana na miwani mikubwa ya upepo, yenye mkanda wa ngozi unaozunguka kisogo, ambayo bwana huyo aliivaa kila asubuhi kutoka nyumbani hadi ofisini. Safari yenyewe ilikuwa kilomita nne na matuta mawili. Huko ofisini kazi yake ilikuwa kugonga mihuri.

Pikipiki yake ilikuwa mpya, imetoka kiwandani mwaka huohuo, ila iliundwa ionekane kama ya enzi za babu yake: taa ya duara, tangi nene la mafuta, magurudumu ya spoki. Hebu fikiria, mtu mzima ananunua kitu kipya kwa sababu kinafanana na kikuukuu! Fundi alikuwa amefumua viti vikuukuu vya kutosha, vyenye mende na harufu ya jasho la watu, na hakuona raha iko wapi. Lakini alifunga mdomo, kwa kuwa pikipiki ile ilinunuliwa kwa ajili ya mguu wa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa anafua na kukunja mashuka hospitalini. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, akavunjika kifundo cha mguu, akawekewa vyuma. Tangu hapo kutembea hadi kazini kukawa adhabu. Mumewe akamwambia, "Tununue pikipiki, nitakuwa nakupeleka kila siku." Wakajibana wote wawili, ikanunuliwa. Akampeleka kweli. Wiki tatu.

Baada ya hapo Rubani akaanza kuipamba. Akafunga wavu wa chuma mbele ya taa, eti kuzuia mawe. Mawe gani, kwenye lami? Akatoa vioo vizuri vya kiwandani, akaweka viduara viwili visivyoonyesha kitu zaidi ya bega lake mwenyewe. Bomba la ekzosi akalizungushia kitambaa, likawa kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Siku za mapumziko aliiegesha mbele ya ukuta uliobomoka, akaipiga picha mpaka jua likamuunguza shingo, kisha akairudisha ndani na kuifunika shuka. Shuka lilikuwa la kitandani, na la mkewe.

Siku moja akaja kwa fundi akitaka mabegi mawili ya ngozi ya kuning'inia ubavuni, kushoto na kulia. Hapa fundi naye abebe lawama yake, maana kazi ile aliipenda. Alitoa ngozi aliyokuwa ameificha kwa miezi, akapiga mshono maradufu, akaweka vifungo vya shaba. Rubani alipoyaona nusura alie. Akayajaza magazeti ya zamani ili yasinywee, maana hakuwa na kitu cha kubeba.

Wiki mbili baadaye fundi alikutana na mdogo wake njiani, anachechemea, mfuko wa chakula mkononi.

"We, mbona unatembea?"

"Yale mabegi yako, dada. Yamekaa palepale ninapoweka miguu. Nikajaribu kuitanua, akasema naonekana kama chura, namharibia pikipiki."

"Na vikanyagio vyako?"

"Kavifungua. Eti havipendezi."

Fundi alirudi kwenye chumba chake cha kazi, akakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alijionea aibu. Katika ubingwa wake wote hakuwahi kujiuliza miguu ya mtu wa nyuma itakaa wapi, na mtu mwenyewe ni mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfunga kamba za viatu utotoni.

Haukupita mwezi, Rubani huyo tena, kakumbatia kiti cha pikipiki kama mtoto mchanga.

"Shemeji, nikatie hiki. Nataka cha mtu mmoja. Kifupi, kimeinuka nyuma kidogo, ngozi ya kahawia. Uikwangue kidogo ionekane imetumika."

"Na mkeo atakaa wapi?"

"Yeye ameshazoea kutembea. Mazoezi yale, shemeji, hata daktari alisema."

"Daktari alisema atembee kwenye korido, mzee, siyo mjini. Na nani kakwambia pikipiki za zamani zilikuwa za mtu mmoja? Baba yetu alikuwa nayo. Ilitubeba wanne. Mama nyuma, mimi katikati, mkeo juu ya tangi kashika usukani."

Rubani alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mjinga.

"Hiyo ilikuwa ya zamani, shemeji. Hii ni ya kizamani."

Fundi alimkagua usoni atafute utani. Hakuna. Jamaa alikuwa amesema kweli tupu bila kujua, na ile "ki" yake ndogo ilimkaa fundi kichwani. Si pikipiki tu. Hata nyumbani jamaa amekaa kimume tu, mume mwenyewe hayupo.

"Sikati," alisema, "mpaka mke wako aje aniambie kwa mdomo wake."

Alikuwa na uhakika kwamba mdogo wake atakuja na kupiga kelele, na yeye atapata sababu ya kumrushia Rubani kiti chake mbele ya mtaa mzima. Alishaanza hata kuyapanga matusi.

Mdogo wake alikuja kesho yake baada ya kazi, kiatu kimoja kimelegezwa kamba kwa sababu ya uvimbe. Akaketi juu ya rundo la sponji, akakitazama kiti pale mezani.

"Kata, dada."

"Una wazimu?"

"Kata tu. Kikiwepo, kila asubuhi nakitazama. Navaa polepole, nafunga mkoba polepole, nangoja aniambie panda. Halafu anawasha, anaondoka. Kisipokuwepo, nitaacha kungoja."

Fundi akayaacha matusi yake. Alichukua kisu, akapasua ngozi. Sponji la mbele lilikuwa limebonyea, lina umbo la Rubani. La nyuma lilikuwa limesimama kama lilivyotoka kiwandani, kwa sababu wiki tatu haziachi alama. Akapiga msumeno katikati, na mdogo wake akamshikia upande wa pili usitikisike. Vipande viwili vikaachana.

"Nipe hicho cha nyuma," mdogo wake alisema. "Benchi letu kule kazini ni la saruji."

Fundi akakivika ngozi ileile nzuri ya mabegi, mshono maradufu, asikikwangue hata kidogo. Mdogo wake akakipachika kwapani, akaondoka nacho kwa mguu, na fundi akasimama mlangoni mpaka alipokata kona.

Rubani alifika Jumamosi akiisukuma pikipiki isiyo na kiti, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Alikifunga kiti chake papo hapo, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Sasa ndiyo ya kizamani hasa! Mikono yako ibarikiwe, shemeji." Akapiga picha sita. Kisha akakumbuka. "Na kile kipande cha nyuma? Nipe nikihifadhi, huenda siku moja nikaiuza."

"Mwenyewe kakichukua."

Rubani aliguna, akatazama ndani ya chumba, akatazama tena pikipiki yake.

"Mwenyewe nani?" aliuliza.