Mkono wa Mama Myriam

Kanisani kwetu Lewisham, London, hapakuwa na mtoto mwenye kelele kama Myriam, wala mama aliyetukera kama mama yake, Emérence. Mahubiri yanaendelea, mtoto anapiga mayowe, naye anamtazama tu akitabasamu. Siku moja nilimkabili. "Mama Myriam, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!"

"Muache apige kelele, dada Haika," alinijibu. "Kelele ni uzima."

Nilimwona mpumbavu. Kumbe mpumbavu nilikuwa mimi.

Agosti 2004 kanisa lilikodi basi kwenda bustani ya michezo yenye wanyama wa porini, nje kidogo ya jiji. Tukapanda gari la safari, pande zote wazi. Mimi, mtu wa Moshi, nikaenda kumshangaa twiga Uingereza! Faru alipita karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Myriam, miaka sita, alishangilia kwa sauti. Viboko na nyati Emérence alishawaona karibu kuliko sisi sote, mwaka 1996, alipokimbia vita kwao Rutshuru, Kongo, kwa kukatiza mbugani.

Ndipo spika zilizofichwa vichakani zikalia risasi. Ulikuwa mchezo tu, majangili wa kuigiza, na dereva akakanyaga mafuta kana kwamba anawakimbia. Emérence akamkamata Myriam, akambwaga sakafuni, akamlalia na kumziba mdomo na pua.

"Nyamaza! Batatusikia!"

Dereva alisimamisha gari, akaja kumvuta. Emérence alimpiga kiwiko, damu ikamtoka puani. Mimi nikamshika Emérence nywele, nikamzaba makofi mawili ya nguvu. Hakuachia. Miguu ya Myriam ilikuwa ikipigapiga bati, kisha ikaanza kulegea. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Mara Emérence akapiga ukelele na kuuchomoa mkono. Myriam alikuwa amemng'ata mpaka nyama ikaachana.

"Mum, I couldn't breathe!" mtoto alilia, kwa sauti iliyowatimua twiga.

Emérence alikaa sakafuni akiutazama mkono unaochuruzika damu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nilipiga magoti nimfunge kwa kitambaa changu cha kichwani.

"Kule mu pori basoda balipita na bunduki zao, habakutusikia," aliniambia. "Ule mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi tatu, dada Haika. Hakukuwa na meno."