Shangazi Odile na Orodha ya Delorieux

Shangazi yangu Odile husoma orodha ya mvinyo kuanzia chini. Wengine hufungua ukurasa wa kwanza wakakodolea macho majina makubwa. Yeye huenda moja kwa moja kwenye chupa ya bei ndogo kuliko zote, kwa sababu mwenye mgahawa anayemdharau mteja wa euro ishirini hatamheshimu hata wa mia mbili. Atamwibia kwa adabu zaidi, basi. Halafu hutazama miaka. Orodha isiyotaja mwaka wa mavuno, kwake, ni sawa na muuza mayai asiyetaka uyatie kwenye maji. Halafu bei. Hapa Beaune, mji wa mvinyo wa Ufaransa, tunajua kila mkulima anauza chupa yake mlangoni kwa kiasi gani. Mgahawa ukiiuza mara mbili na nusu, sawa, glasi huvunjika na wahudumu lazima wale. Mara tatu, shangazi ananuna. Mara tano, anafunga orodha na kuagiza maji.

Ndiyo kazi yake. Hulipwa na kitabu kinachotoka kila Januari, kinachopima orodha za mvinyo za migahawa ya Burgundy yote na kuipa kila moja alama kati ya ishirini. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa mvinyo katika mgahawa wa Bwana Fabrice Delorieux, miaka kumi na moja, mpaka siku aliyofukuzwa.

Siku hiyo sikuwepo, lakini naijua, maana shangazi huisimulia kila Jumapili akipiga pasi, na pasi huteremka kwa kishindo palepale kila mara. Kwetu lebo kubwa hukaa tumboni mwa chupa na jina la mkulima, na mwaka huandikwa peke yake kwenye kikaratasi kidogo cha shingoni. Kikaratasi hicho mtu yeyote mwenye gundi anaweza kukibandua na kubandika kingine. Kizibo ndicho kisichobadilika. Mwaka umechomwa juu yake kwa moto. Sasa mteja mmoja, Mbelgiji, akaona shingo inasema mwaka mmoja na kizibo kinasema mwingine, akapiga kelele. Delorieux akatoka jikoni. Mbele ya watu arobaini akasema, "Odile, umebandika wewe. Toka, na mikono yako isiguse tena chupa yangu."

Shangazi hakuwa amebandika chochote. Lakini nani angemsikiliza? Hakuna mgahawa uliomchukua. Alisugua mapipa kwa miaka miwili, na sokoni wauza jibini walikuwa wakimwita, "Eh, Odile! Leo tuna mwaka gani?" Watu wanacheka, yeye ananunua jibini lake, anakwenda zake. Hata alipopata kazi ya kitabu waliendelea. Nimeishi naye tangu nilipoacha shule, na sijapata kumwona akiwajibu.

Mwaka wa sita tangu afukuzwe, mwezi wa Novemba, kitabu kilimletea majina ya migahawa ya kupima. La Delorieux lilikuwamo. Shangazi akamwandikia mkubwa wake: nina ugomvi na mgahawa huu, mpe mtu mwingine. Jibu likaja: wengine wote wana mafua, nenda wewe, ila uende na shahidi asiye na ugomvi naye.

Aliisoma barua hiyo amesimama. Kisha akavaa koti tukaenda hadi mlangoni kwa Delorieux, ambako orodha imebandikwa nje ndani ya kioo. Ilikuwa baridi, pua yangu haisikii kitu. Akasoma kuanzia chini, mstari kwa mstari, mpaka kidole chake kikasimama. Clos des Orvets, Anselme Boudrot, 2012: shamba, mkulima, mwaka. Euro mia moja na tisini.

"Mkubwa anataka shahidi," akasema shangazi. "Atampata."

Jumamosi mchana tuliingia watu watatu: shangazi, mimi, na Baba Anselme Boudrot mwenyewe, amevaa koti lake la harusi lisilofunga tena vifungo. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huongea kama yuko juu ya trekta. Delorieux alipomwona shangazi, shingo yake ilijaa mabaka mekundu. Lakini mtu wa kitabu hafukuzwi.

"Bi Odile! Karibu nyumbani."

"Kwangu ni mtaa wa pili," shangazi akajibu. "Hapa nimekuja kazini."

Baba Anselme yeye hakumjua, akampa mkono tu kama anavyowapa wageni wote. Huo ndio ugonjwa wa Delorieux: ametoka Paris, ana miaka ishirini Beaune, na hajapanda mlimani kwenye mizabibu hata mara moja. Mvinyo hununua kwa simu kutoka kwa mchuuzi. Miaka anaijua kwa kusoma majedwali ya vitabuni, huu mzuri, ule mbaya. Mashamba hayajui.

Shangazi hakugusa mkate. "Tuletee Orvets. Ya 2012."

"Aa, chaguo la bingwa!" Delorieux akapata nguvu. "Mwaka mkubwa sana ule. Kila kitabu kimeusifu."

"Anasemaje?" akauliza Baba Anselme.

"Anasema 2012 ulikuwa mwaka mkubwa," nikamwambia sikioni.

"Mkubwa kweli!" akanguruma mzee. "Mawe yalikuwa kama mayai ya njiwa!"

Delorieux akacheka, nadhani alifikiri ni methali ya wakulima. Akaileta chupa mwenyewe, ameilaza kwenye kitambaa cheupe kama mtoto wa ubatizo, akamwonyesha shangazi. Shangazi akaelekeza kidevu kwa mzee. Baba Anselme akavaa miwani, akaipeleka pua hadi kwenye lebo.

"Hii lebo yangu."

"Yako, bwana?"

"Anselme Boudrot ni mimi, kijana. Mwaka 2012 mvua ya mawe ilipiga Orvets tarehe thelathini Juni, saa tisa alasiri. Upande ule wa barabara walivuna, sikatai. Mimi sikupata hata kikapu. Mke wangu alilia mpaka kuku wakanyamaza. Sasa wewe, mwenzangu, zabibu zangu ulizivuna wapi?"

Meza ya jirani mama mmoja alicheka, akajifunika kwa kitambaa. Wengine wakaacha kula.

"Mchuuzi... lazima mchuuzi ndiye..." Delorieux akainama kwa shangazi. "Bi Odile, twende tukaongee jikoni. Chakula leo ni juu yangu, nyote."

"Fungua."

"Odile, tafadhali."

"Chupa hufunguliwa mbele ya aliyeiagiza, Fabrice. Nilikufundisha mimi. Fungua."

Kizibuo kilimteleza mara mbili. Kizibo kilipotoka shangazi alikichukua kwa vidole viwili na kukisimamisha katikati ya meza. Kilisema 2017.

"Chupa ya yule Mbelgiji," shangazi akasema, taratibu kabisa. "Nani alibandika?"

Delorieux alitazama mlango wa jikoni. Hakuna aliyetoka kumsaidia.

"Mimi," akasema.

"Meza za dirishani hawajasikia."

"Odile, nina watoto."

"Hata mimi nina mpwa huyu, na alikula mkate wa kusugua mapipa. Watu wa dirishani wanasubiri."

"Ni mimi niliyebandika!" Sauti yake ilipasuka. "Odile hakubandika. Nilijua tangu siku ile. Nilimsingizia."

Nilimtazama shangazi nikidhani atalia, au atacheka. Alivuta orodha karibu.

"Vizuri," akasema. "Sasa tuanze kazi. Simama hapohapo, nitakuwa na maswali."

Akaisoma yote, kuanzia chini, muda wa saa nzima, na Delorieux amesimama na kitambaa chake mkononi, wateja wakipita nyuma yake kwenda kuchukua makoti. Hii umenunua kwa kiasi gani? Hii mbona haina mwaka? Hii nayo umeibandika lini? Baba Anselme alikuwa akijimiminia. "Kosa si la mvinyo," akaniambia. "Huu wa 2017 nilivuna mimi, na ni mzuri."

Jioni shangazi aliandika ripoti kwenye meza ya jikoni kwetu. Nilisimama nyuma yake nikasoma. Kilichotokea alikiandika kama kilivyotokea, bila tusi hata moja. Lakini pia aliandika kwamba ukurasa wa mvinyo mweupe umepangwa vizuri, na kwamba bei za glasi mojamoja ni za haki. Chini akaweka alama: saba kati ya ishirini.

"Saba?" nikasema. "Mimi ningempa sifuri."

"Sifuri watasema ni hasira ya mwanamke aliyefukuzwa. Atalalamika, watamwonea huruma, wataleta mpimaji mwingine." Akaikunja karatasi. "Saba haina pa kushika. Ataisoma usiku na mchana akitafuta nilipomwonea, na hatapaona."

Akalamba bahasha, akaigandamiza mezani kwa ngumi.