Mzee wa Kasri Akataa Kutoka

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2014, saa nane mchana, watu wanne walikuwa wameketi katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, pazia likiwa limefungwa. Watatu kati yao walikuwa wanyonya damu. Wa nne alikuwa msimulizi. Kiti cha tano kilikuwa kitupu.

Mchezo wao haukuwa mgumu kueleweka. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake katika kasri moja la kale juu ya mlima. Msimulizi, ambaye siku za kazi alifundisha hesabu, alieleza yaliyowafika. Wenzake walijibu kwa vinywa vya wahusika wao, na penye shaka dadu iliamua. Dobi, mwanamke wa makamo aliyeitoa nafasi hiyo miongoni mwa mashati ya wateja, alikuwa Bibi wa Mnara. Kinyozi, mwenye upara na maneno mengi, alikuwa Mwindaji. Muuguzi, aliyeshinda kutwa akiwatoa watu damu kwa sindano, alikuwa mnyonya damu asiyeipenda damu: alikunywa maziwa. Utani huo ulikuwa umezeeka, lakini bado uliwachekesha.

Kiti kitupu kilikuwa cha mdogo wake Dobi, seremala aliyeitwa Kesho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku aliyowaahidi wateja wake wote. Katika kasri alikuwa Mzee, mkubwa wa ukoo. Wiki tano kabla ya Jumapili hiyo alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilipigilia mbao, akafa hapo hapo.

Tangu mazishi Dobi hakuwa ametoa chozi. Si kwamba alijikaza; hakuona cha kujikazia. Aliwapokea waliokuja kumpa pole, akawatafutia viti, kisha akarudi kwenye pasi yake. Siku moja pasi ilimuunguza kidole, naye akakitazama kidole hicho kana kwamba ni cha mteja aliyekisahau dukani. Shangazi yake alinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Dobi alisikia, akaendelea kukunja mashuka.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Dada, kuna jambo tumelizungumza. Usipoliafiki, tutaliacha."

"Semeni."

"Watu wa bondeni wamelizingira kasri kwa kuni. Jua likichomoza wanawasha. Njia ya chini ipo, lakini lazima mmoja atoke kwa lango kuu awashughulishe, wengine wapate kupita. Na ufunguo wa lango anao Mzee. Tumeonelea atoke yeye. Apate mwisho wa heshima."

Dobi alielewa mara moja wanachomtaka. Ilikuwa kanuni ya chumba hicho kwamba mhusika hafi kwa kinywa cha mtu mwingine. Mwenyewe ndiye aliyesimama, akasema maneno yake ya mwisho, kisha akalifungua pazia kwa mkono wake, jua likaingia, kwa kuwa jua ndilo linalomuunguza mnyonya damu. Sasa mwenyewe hayupo.

"Wewe ndiye damu yake," alisema Kinyozi. "Hatuna mwingine, dada. Na mimi, kusema kweli, siwezi kukaa Jumapili nyingine nikitazamana na dadu. Tumalize au tufunge."

Muuguzi akaongeza kwa upole, "Na ukilia, lia tu. Hapa nani mgeni?"

Dobi aliwatazama. Walikuwa wamempangia kilio kama mtu anavyompangia mgonjwa dawa, nao walikuwa na nia njema. Lakini nje ya chumba hicho Kesho alikuwa amekwisha kabisa. Humu ndani bado alikuwa na ufunguo mfukoni. Akimtoa langoni, hatakuwa na mahali pengine popote.

Alihamia kwenye kiti kitupu. Akanyoosha miguu chini ya meza, akakunja mikono juu ya tumbo, na sauti ikamtoka puani, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nimewasikia. Jambo jema sana, tena la heshima. Nitatoka. Kesho."

Kinyozi alicheka kabla hajajizuia, akafunika mdomo.

"Mzee," alisema Mwalimu kwa sauti ya kasri, "kuni zimekwisha kuwashwa."

"Basi mtume mwenye miguu. Mimi goti hili linanisumbua tangu karne iliyopita. Dada yangu yuko wapi? Tulipokuwa wadogo tulitumwa wawili dukani, nani alikwenda? Dada. Mbwa wa jirani akibweka, nani alitangulia? Dada. Leo mnataka nianze tabia mpya?"

Hakuna aliyecheka tena.

"Dada, hatukukusudia hivyo," alisema Muuguzi. "Anayetakiwa kutoka ni yeye."

"Sista, mmeniambia niwe yeye," Dobi alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Yeye hatoki. Namjua. Nimembeba mgongoni huyu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alizipitia kanuni kichwani, asione inayokataza. "Bibi wa Mnara anasemaje?"

Dobi alirudi kwenye kiti chake. "Anasema, haya, lete huo ufunguo, mvivu wewe." Akasimama, akaenda dirishani, akalifungua pazia.

Jua liliangukia meza, likaangukia mashati kwenye waya. Alisubiri aone kitu gani kitampata. Uso ulipata joto. Miaka kumi na miwili ya Bibi wa Mnara ilikuwa imeisha, naye akawa anafikiri kwamba kola za mashati ya kesho yake bado hazijatiwa wanga. Alipokigeukia kile kiti alihisi kero kidogo, ile ile ya siku za kutumwa dukani.

"Sasa utacheza kama nani?" aliuliza Kinyozi.

"Kama huyo huyo mvivu. Nitamfanyaje?"

Mwalimu alitangaza hesabu, kama ilivyokuwa desturi kila afapo mhusika. Aliyeungua: Bibi wa Mnara. Waliopita njia ya chini wakasalimika: Mwindaji, mnywa maziwa, na Mzee wa Kasri. Jumla, watatu. Chumbani walibaki watu wanne.