Mkono wa Baba

Siku tuliyomzika baba, ofisa mmoja wa serikali alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu alikuwa na mguso wa Midasi. Alisema kwa Kiingereza, kisha akawafafanulia kwa Kiswahili wale waliokaa nyuma ya hema: kila alichokigusa mzee wetu kiligeuka dhahabu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikainamisha kichwa, na walio karibu wakadhani nimezidiwa na kilio. Nilikuwa nimeshikwa na hasira.

Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili hapa Voi, na nahau hiyo naifundisha kila mwaka. Naandika ubaoni kwamba husemwa kuhusu mtu ambaye kila anachokianzisha kinanawiri: mama anayefungua kibanda cha chakula Maungu na punde madereva wa malori hawali kwingine, au kocha ambaye timu mbovu ikimfikia inaanza kushinda. Ni sifa. Mwanafunzi akiitumia kwa kumlaumu mtu namkata alama, kwa sababu wenye lugha hawaitumii hivyo. Lakini hadithi yenyewe ya Wayunani wa kale haiishii penye utamu. Mfalme Midasi aliomba kila atakachogusa kiwe dhahabu, akapewa. Akashika mkate ukawa dhahabu, akalala njaa. Kisha, kwa masimulizi ya wengine, binti yake akamkimbilia kumkumbatia. Waliotuletea nahau walichukua nusu ya hadithi wakaitupa nusu nyingine, na yule ofisa naye hakujua kama kuna iliyotupwa.

Baba alikuwa mkulima wa Mghange, mtu wa maharagwe na kabichi. Mwaka mmoja mvua iligoma, akateremka tambarare kwenye machimbo ya yale mawe ya kijani ambayo wanunuzi huyafuata hadi shimoni. Wachimbaji wa kule walikuwa na desturi yao: shimo jipya halifunguliwi na mtu yeyote tu. Anatafutwa mwenye mkono wa baraka apige sururu ya kwanza, ndipo wengine waendelee. Baba alikuwa mgeni asiyejua desturi, akapiga sururu mahali bila kuombwa, na jiwe likaonekana hapo hapo. Tangu siku hiyo hakuachwa apumzike. Kila aliyetaka kufungua shimo alimfuata. Kisha wakaja na wasiochimba: jirani mwenye kuku wasiotaga, fundi aliyefungua karakana. Aliwagusia vitu vyao huku akicheka, na nisiwe mnafiki, hata mimi nilimpa kalamu yangu aishike kabla ya mtihani. Alifurahia sana. Alitembea na ule mkono kama mtu aliyevaa saa mpya.

Baba mdogo, mdogo wake wa pekee, naye akataka shimo lake. Wakaenda pamoja, baba akazungukazunguka, akachagua mahali, akapiga sururu. Na mawe yakapatikana. Hapo ndipo huwa nasimama kila ninapokumbuka. Laiti ule mkono ungekosea mara moja tu! Wangefukua siku chache, wangechoka, wangerudi Mghange kupalilia. Lakini mawe yalikuwepo, mazuri, na yalizidi kupendeza kadiri walivyoteremka, basi baba mdogo akayafuata, akayafuata, mpaka ukuta wa shimo ukamwangukia. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Baba alirudi nyumbani na mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Akawa anasalimia kwa mdomo tu, jua liwe kali namna gani, koti halivuliwi. Alipanda na kupalilia kwa huo mkono, mimea haikumtisha, lakini hakumgusa mtu tena. Kanisani alihamia benchi la mwisho ili asiombwe kupeana mkono wa amani. Mama aligomba, akabembeleza, mwishowe akanyamaza. Kwa mama ilikuwa talaka ya aina yake, na hakuna mzee wa ukoo ambaye angeweza kuisuluhisha.

Likizo moja nilikuwa nasahihisha insha nyumbani, akaniuliza ni kitu gani kinanikunjisha uso. Nikamsimulia habari za Midasi, nikidhani namchangamsha. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na yule mtoto, alirudi kuwa mtu?"

"Wengine wanasema alirudi, baba. Mfalme aliambiwa akaoge mtoni, kile kitu kikamtoka."

"Mto gani?"

Nilimwambia uko mbali, nchi nyingine. Akatikisa kichwa. "Mimi nimenawa sana," alisema, kisha akauliza kama nitakunywa chai.

Nilipojifungua binti yangu, nilijipa moyo kwamba mjukuu atamshinda. Kweli alimpenda kupita kiasi. Alimkalia mbali kidogo, akamwimbia, akamchongea ng'ombe wa mti na kumwekea chini, kisha yeye akarudi nyuma ili mtoto aje awachukue. Kila nilipomwambia, "Baba, mbebe tu," alisema, "Akue kwanza." Nilitaka jambo moja tu kwake kabla hajafa, amshike mwanangu, na nilikuwa nimekasirika kwa kulitaka peke yangu.

Alipolazwa hospitalini tulijua haendi nyumbani. Siku hiyo asubuhi hakuweza kuinua kikombe cha uji. Nilimleta mtoto saa ya kuwaona wagonjwa. Dripu ilikuwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ulikuwa wazi juu ya blanketi, mfuko wa koti haupo. Mwanangu aliuona, akakishika kidole kimoja cha babu yake. Nikasema, asante Mungu, imekuwa.

Baba alifumbua macho. Akaanza kuuvuta ule mkono. Aliuvuta kidogokidogo, jasho likimtoka, mtu ambaye asubuhi alishindwa na kikombe, hadi akauingiza chini ya blanketi. Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka, akaingiza mkono wake kumtafuta.

"Mama," baba aliniambia, ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Mtoe."

Nilimtoa. Alilia mpaka kwenye geti, akidhani babu hamtaki, na hajafika umri wa kuelezwa kwamba nguvu ya mwisho aliyobaki nayo babu yake aliitumia kumpenda.